Msitu wa Kakamega na Ngoma Yake

Wageni wengi waendao Kakamega hutazama juu tu, wakitafuta ndege na kima. Si ajabu, kwani msitu ule ni baki la upande wa mashariki la misitu mikubwa ya Kongo. Ulitengwa na Serikali mwaka 1933, na Buyangu, upande wa kaskazini, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Lakini kando ya msitu wakaa Waisukha na Waidakho, wenye ngoma ya Isukuti. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo huchongwa katika gogo la mti. Hupigwa pamoja na pembe na njuga, arusini, mazishini na mafahali wapiganapo. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika miongoni mwa mila zitakiwazo kulindwa upesi, maana mafundi wengi walikuwa wazee.

Vijana waongozao wageni msituni hupata ujira, na ni haki yao. Mpiga ngoma je? Mgeni akitaka kuisikia Isukuti, na aende penye mafahali, awaombe wazee ruhusa kwanza, kisha awalipe wapigaji wenyewe, mkononi.