Maji katika Mafuta ya Breki

Mwenye gari aliye mwangalifu hupima mafuta ya injini, hujaza maji katika rejeta na hukagua upepo wa magurudumu. Mafuta ya breki, hata hivyo, husahauliwa mara nyingi. Hukaa katika kichupa kidogo karibu na injini, hayapungui upesi, na madhali pedali inaitika mguu, mwenyewe huridhika kuwa mambo ni salama. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mafuta hayo huharibika hata kama gari halitembei sana, na kwa nini ubovu wake hujitokeza mahali pabaya kuliko pote, yaani katikati ya mteremko mrefu.

Kani ya mguu hufikaje kwenye gurudumu?

Breki za magari madogo huendeshwa kwa kiowevu. Malori makubwa na mabasi mengi hutumia breki za upepo, ambazo hazihusiki na maelezo haya. Kanuni inayotumika ni ile iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo ikitiwa katika kiowevu kilichofungiwa chomboni, huenea sawasawa pande zote. Dereva akikanyaga pedali, pistoni ya silinda kuu husukuma mafuta katika mirija hadi kwenye pistoni za magurudumu, nazo hubana pedi kwenye diski inayozunguka pamoja na gurudumu.

Na ichukuliwe, kwa mfano, kwamba pistoni ya silinda kuu ina eneo la sentimita za mraba 3, na ile ya gurudumu ina sentimita za mraba 18. Kani ya nyutoni 600 ikisukuma pistoni ndogo, kanieneo ni nyutoni 200 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni kubwa itapokea nyutoni 3,600, yaani mara sita ya kani iliyotiwa. Lakini faida hiyo ina gharama yake: ili pistoni kubwa isogee milimita 1, pistoni ndogo haina budi kusogea milimita 6. Kwa kuwa safari ya pedali ni fupi, hakuna nafasi ya kupoteza.

Mpango wote huu una sharti moja, nalo ni kwamba kilichomo katika mirija kisikubali kubanwa. Kiowevu hutimiza sharti hilo vizuri. Gesi hailitimizi, kama ajuavyo kila aliyeziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole kisha akasukuma mpini.

Joto la mteremko

Breki haiangamizi nishati. Huigeuza kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 300 bila kuongeza mwendo, nishati inayopaswa kuondolewa ni 1,500 × 10 × 300, yaani jouli 4,500,000. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 za Selsiasi huhitaji jouli 315,000 hivi ili ifike nyuzi 100. Kwa hiyo nishati ya mteremko huo ingetosha kuchemsha lita 14 za maji. Dereva ashukaye Kitonga akitoka Iringa, au ashukaye Bonde la Ufa kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, akitegemea breki peke yake, huyatwika magurudumu yake mzigo wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya joto hupokewa na diski na kuchukuliwa na hewa, lakini sehemu nyingine hupita katika pedi na pistoni hadi kwenye mafuta.

Adui aingiaye kimya kimya

Mafuta ya breki ya kawaida hayatokani na petroli. Hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo zina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Maji hupenya polepole katika mipira ya breki na kwenye kifuniko cha kichupa, hata gari likiwa limeegeshwa. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo kinachodaiwa na kanuni hushuka hadi nyuzi 140. Kwa daraja la DOT 4 vipimo ni nyuzi 230 na 155. Maji machache mno, basi, hupunguza sana kinga ya dereva. Na rangi ya mafuta si ushahidi, kwani maji yaliyoyeyuka humo hayaonekani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mafuta yakichemka, viputo vya mvuke hutokea ndani ya silinda za magurudumu. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida ya hewa hujaza zaidi ya lita moja na nusu. Dereva akiinua mguu, mvuke hutanuka na kusukuma mafuta yarudi kwenye kichupa. Akikanyaga tena, safari yote ya pedali huishia katika kuubana mvuke. Pedali huzama hadi sakafuni, na gari halisimami.

La kuzingatia zaidi ni hili: breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa kiowevu na pedali hupata ugumu wake. Fundi atakayelikagua gari baadaye aweza asione kasoro yoyote. Hivyo lawama humwangukia dereva peke yake, ilhali chanzo kingali ndani ya mirija.

Matunzo yanayotakiwa

Watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Kuongezea tu hakutoshi, kwa maana maji ya zamani hubaki. Tena, kina kikishuka, sababu itafutwe kwanza: ama pedi zimelika, ama pana uvujaji. Yatumike mafuta ya daraja lililoagizwa, kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, kwani kopo lililokaa wazi huwa limekwisha kunyonya unyevu. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe, kwa sababu huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu. Baada ya kubadilisha, fundi atoe hewa yote katika mirija.

Mteremkoni, dereva aweke gia ndogo mapema ili injini ichukue sehemu ya mzigo. Na kwa kuwa macho hayawezi kuupima umri wa mafuta ya breki, tarehe ya kuyabadilisha iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini ya boneti, mahali ambapo kila fundi ataisoma.