Windo la Bunduki ya Upepo: Kummalizia au Kumchinja?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kijana mmoja wa hapa Kimandolu alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na kanga. Alimpiga kwa bunduki ya upepo, akamkuta anapapatika kwa nguvu, akambamiza kichwa kwenye jiwe ili ahakikishe amekufa. "Shekhe, nilisoma Bismillahi. Tunamla?" Nikamuuliza kama alikuwa na kisu. Akasema kilikuwa mfukoni.

Hukumu ya risasi hiyo

Suratul Maida, aya ya 3, imeharamisha mawqudha, yaani mnyama aliyekufa kwa kipigo cha kitu kisichokata, ikamtoa aliyewahiwa kuchinjwa. Naye Mtume (s.a.w.) alimfundisha Adiy bin Hatim (r.a.) kuwa windo lililotobolewa na ncha ya mi'radhi huliwa, na lililouawa kwa ubavu wake haliliwi (Bukhari na Muslim).

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj, ameihesabu bunduqa, yaani kidonge cha kurushwa, miongoni mwa vinavyoua kwa uzito. Ndiyo asili ya neno letu "bunduki". Imam Shawkani wa Yemen (aliyefariki mwaka 1250 Hijria) aliitazama bunduki ya baruti, akaona risasi yake inatoboa, akahalalisha windo lake kwa sharti la kusoma Bismillahi.

Bunduki ya upepo husukuma risasi kwa hewa iliyobanwa. Mara hutoboa, mara huvunja bawa tu. Kwa hiyo hata anayefuata kauli ya Shawkani hana budi kuthibitisha kuwa windo limetobolewa. Akiwa na shaka, asile, kwani asili ya nyama ni uharamu mpaka uhalali uthibiti.

Mwindaji afanye nini?

1. Akimkuta na uhai uliotulia (hayat mustaqirra), kama kupapatika kwa nguvu na damu kuruka anapokatwa, amchinje papo hapo kwa kisu kikali, akate koo na umio. Akimnyonga, akimbamiza au akimwacha afe, huyo ni mzoga.

2. Akimkuta amekwisha kufa, kwa madhehebu yetu ya Shafi'i haliwi.

3. Akianguka majini akafa, haliwi, kwa kuwa haijulikani kilichomuua.

Basi kanga yule ni mzoga. Bismillahi haikuziba pengo la kisu kilichobaki mfukoni. Nilimwambia asimle, asimuuze wala asimpe jirani.

Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) iliyopokewa na Muslim inatuamrisha kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Asiyeweza kulenga vizuri asimtese kiumbe. Na Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa kuwa haviwindi bali huvunja jino na kutoboa jicho. Vipi basi risasi katika mitaa yenye watoto?

Vilevile, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, kuwinda ni marufuku. Mwislamu hutimiza hilo.

Ndugu yangu, kabla ya kushika bunduki, shika kisu.

Wallahu a'lam.