Amezimika au amezimia? Silabi inayoweza kuita waombolezaji

MCHANA mmoja wa Februari mjini Garissa, joto likiwa limepita nyuzi 35, kijana mmoja alianguka karibu na Soko Mugdi, jina ambalo kwa Kisomali lina maana ya soko la giza. Mwenzake alimpigia simu baba mtu aliyekuwa Modogashe: "Adeer, kijana amezimika." Mzee akaanza kuita watu wa mazishi. Kumbe mwanawe alikuwa kivulini, ameshaamka, anakunywa maji!

Nilipokisikia kisa hicho nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Moto huzimika, taa huzimika, injini huzimika. Ukisema mtu amezimika, msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba ni uhai uliokoma. Neno lililohitajika ni 'amezimia', yaani ameishiwa na fahamu kwa muda. Kisawe chake ni 'amezirai'.

Kiingereza nacho kina mtego kama huo. 'Pass out' ni kuzirai. 'Pass away' ni kufariki. Tena makurutu wanapohitimu mafunzo husemekana 'wame-pass out', na hakuna aliyeanguka. Anayetafsiri neno kwa neno atajikwaa.

Je, 'kupoteza fahamu'? Vyombo vya habari hulipenda fungu hili, linalofanana mno na 'lose consciousness' la Kiingereza. Sisemi ni kosa, maana limeshazoeleka. Lakini 'kupoteza' humfanya mtu mtenda, kana kwamba fahamu ni kitambulisho alichokiangusha kwenye matatu. Aliyezirai hakutenda lolote, ametendwa. Ndiyo maana 'amepotewa na fahamu' ni bora zaidi. Isitoshe, wanahabari hao hao huandika 'alirejewa na fahamu'. Basi kilichomrejea ndicho kilichompotea.

Tusichanganye pia 'fahamu' na 'ufahamu'. Ufahamu ni uelewa, kama ule unaopimwa katika mtihani wa KCSE. Mtahiniwa anaweza kuanguka ufahamu akiwa na fahamu zake zote!

Vijana nao husema 'namzimia fulani', wakimaanisha wanampenda kupita kiasi. Hayo ni ya barazani, wala sina ugomvi nayo.

Ila siku utakapompigia mzazi simu kuhusu mwanawe aliyeanguka, usimwache abahatishe maana ya silabi moja. Mwambie: "Amezirai, lakini anapumua."