Je, Wajua? Upepo wa Tairi na Vumbi la Njiani

Je, wajua kwamba pikipiki iliyoshinda mashindano ya kwanza ya kutoka Paris hadi Dakar, yaliyoanza tarehe 26 Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979, ilikuwa Yamaha XT500 ya silinda moja, chombo kilichoundwa kipite katika lami na katika njia za mashamba pia, nacho kiliendeshwa na Mfaransa Cyril Neveu?

Katika safari kama hiyo, kupita mchangani si kazi ya nguvu za injini peke yake. Mpandaji mwenye maarifa hupunguza upepo wa tairi, aghalabu hadi paundi 15 hivi kwa inchi ya mraba, ili tairi ilale, ikanyage eneo kubwa zaidi, na gurudumu lisididimie. Walakini afikapo penye mawe ama lami sharti aujaze tena, madhali tairi laini huiacha rimu igongwe na kupinda, na huweza kuteleza juu yake hata ikang'oa mdomo wa tyubu.

Na vumbi je? Hilo nalihesabu kuwa adui mkubwa kuliko wote, kwa kuwa chembe zake zikipenya hadi ndani ya injini husaga kuta za silinda taratibu pasipo mwenye chombo kutambua. Kwa hiyo chujio la hewa la sponji huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni, wala si kwa petroli, ambayo huilegeza gundi ya maungio yake. Kisha hukaushwa barabara, hulowekwa mafuta mahsusi na kukamuliwa, kwani unato wa mafuta hayo ndio uzinasao chembe.