Uvimbe Usiouma Mbele ya Sikio

Uvimbe wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio hukua polepole bila maumivu, ukafichika miaka mingi chini ya mtandio au ndevu. Takriban mara 8 katika 10 si saratani. Lakini ukiachwa, huweza kugeuka.

Kuuchua hakuuondoi. Daktari huutazama kwa ultrasaundi, kisha huvuta chembe kwa sindano nyembamba. Tiba yake aghalabu ni upasuaji: hutolewa mzima, pamoja na nyama ya tezi iliyouzunguka, kwani ukipasuka huweza kuota tena.

Wengi wetu huchelea uso kupinda. Mshipa wa fahamu wa uso hupita ndani ya tezi hiyo, na mpasuaji huulinda; ukilegea, mara nyingi ni kwa muda. Uso ukilegea kabla ya upasuaji, tusingoje: twende upesi kwa daktari.