Dunia ikiacha mafuta, boda wa Nyamache atabebwa na nani?

Pita stejini Nyamache tarehe 14 jioni uone vijana wa boda walivyoinamia simu. Usidhani ni mechi. Wanangoja EPRA itangaze bei mpya ya petroli. Ikipanda shilingi chache tu, faida ya siku imemezwa na tangi, na mkopo wa pikipiki bado unadai.

Sasa twende Dubai. Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, karibu nchi 200 zilikubaliana kwa mara ya kwanza kuanza kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, tena kwa njia ya haki. Lakini haki kwa nani?

Marekani ndiyo inayochimba mafuta mengi zaidi duniani. Sisi tuliyapata Turkana mwaka 2012, na shehena ya kwanza ya majaribio ikaondoka Mombasa Agosti 2019. Sheria ya mwaka huo inaipa kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali na wenyeji asilimia 5. Haya, nenda Lokichar ukamwambie kijana mwenzako ayaache ardhini. Mimi singethubutu kwenda mikono mitupu.

Ndiyo maana visiwa vya Vanuatu na Tuvalu, ambavyo bahari inavinyemelea, vinadai mkataba kamili: uchimbaji mpya usimame, matajiri watangulie, na wanaotegemea mafuta wasaidiwe kuhama. Colombia, ambayo yenyewe huuza makaa na mafuta, ilijiunga nao huko huko Dubai. Hiyo si siasa rahisi nyumbani kwao.

Na wewe wa Nyamache? Kisima cha mafuta hujawahi kukiona, lakini kila siku unakilipia. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo pikipiki ya betri ingekutoa kwenye hiyo presha ya tarehe 14. Nairobi waendeshaji wanabadilisha betri kituoni na kuendelea na kazi. Je, ikikuishia kwenye mlima wa Bobasi, umebeba abiria na gunia la majani chai, utaibadilishia wapi?

Basi kabla hujatia sahihi mkopo wa petroli, uliza bei ya ile ya betri. Halafu mtafute MCA wako, umuulize kituo cha kuchajia kiko kwenye bajeti ya mwaka gani.