Ufizi Usiotoka Damu

Huko Vanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mtafuna tambuu hujulikana kwa wekundu wa meno, na mvuta sigara kwa unjano wake. Watu huzicheka rangi hizo, kumbe rangi ndiyo hasara ndogo. Lami ya tumbaku hushika jino kwa nje, na mganga wa meno aweza kuikwangua. Bali nikotini huibana mishipa midogo ya damu iliyomo katika ufizi. Ufizi mgonjwa hutoka damu mtu apigapo mswaki, na damu hiyo ndiyo hodi ya maradhi. Wa mvutaji hautoki sana, naye hujidhania mzima, hata siku jino lilegeapo, mfupa wake umekwisha kulika.

Vijana husifu sigara za umeme kwamba hazitii madoa mengi. Ni kweli, lami hamna. Lakini nyingi zina nikotini ile ile, na mvuke wake hukausha mate yalindayo meno yasioze.

Popoo ya tambuu nayo, hata pasipo tumbaku, mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitaja kuwa husababisha saratani. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma mawili kionyeshwe mganga mara moja, hata kama hakiumi.